Pampu ya Beseni la Bi Mwamini

Pampu ilikufa Jumatatu baada ya adhuhuri, na haikufa kimya. Kwanza ilikoroma kama mzee aliyelalia ubavu mbaya, halafu ikatoa harufu ya waya unaoungua, ndipo ikanyamaza. Bi Mwamini alikuwa barazani anapeta mchele. Aliweka ungo chini taratibu, akaenda kuchomoa waya ukutani, akarudi kuigusa pampu kwa kiganja. Ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni sasa hivi.

"Imekwenda," alimwambia Johari, mtoto wa mdogo wake. "Mara mbili fundi kaifufua. Hii ya tatu hairudi."

Johari aliyatazama maji ya beseni, akatazama miguu yake.

Majirani walikiita kitu kile beseni, maana hawakuona jina jingine la kukipa. Kwa hakika lilikuwa bwawa la kuogelea, lakini si la kuchimbwa. Lilisimama juu ya ardhi kwa vyuma vilivyopangwa duara, na ndani yake turubai nene la buluu. Upana wake hatua tano za mtu mzima, kina chake kifuani kwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Mkwewe Bi Mwamini alikuwa dereva kwenye kambi ya wageni huko karibu na hifadhi. Kambi ilipofungwa akapewa vyuma na turubai visitupwe, akavileta Kibiti juu ya gari la mkaa. Bi Mwamini akavisimamisha nyuma ya nyumba, akazungushia ua wa makuti marefu kuliko mtu, na kila siku baada ya alasiri wanawake na wasichana wakaanza kuingia humo kwa madera yao kujifunza kuogelea.

Hakufanya hivyo kwa kupenda mambo ya kigeni. Miaka miwili nyuma mdogo wake, Sihaba, alikuwa akivuka mkono wa mto kule Mbuchi kwenda kwenye shamba lake la mpunga. Mtumbwi ukapinduka. Hapakuwa na upepo siku hiyo, wala mamba hakuonekana. Wanaume wawili waliokuwamo waliogelea wakatoka. Wanawake watatu hawakutoka. Kule deltani, mto unapoachana mikono kwenda baharini, mtoto wa kiume huogelea kabla hajang'oa meno ya utoto; wa kike huambiwa akae kando asije akalowanisha nguo mbele za watu.

Johari ndiye mtoto wa mwisho wa Sihaba, na shamba lile la mpunga sasa ni lake. Alikuja Kibiti kwa mama yake mkubwa kwa jambo moja tu, ajue maji kabla ya kuanza tena kuvuka. Mvua zilikuwa karibu, shamba lilitaka kusafishwa, na safari ya kurudi ilikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Mpaka siku ile pampu ilipokufa alikuwa anaweza kuelea akishika ukingo. Kuuachia ukingo, bado.

Maji yasiyozunguka hayakai yalivyo. Kufika Alhamisi yalikuwa kijani kama mlenda, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza juu yake, na masomo yakasimama. Siku hiyohiyo akapiga hodi bwana afya, kijana mpole aitwaye Badru, kapelekewa taarifa na mtu. Bi Mwamini hakuhitaji kuuliza mtu gani, kwa sababu nyuma ya Badru alisimama shemeji yake, Mzee Gharibu, kaka wa marehemu mumewe, mikono nyuma.

"Mama, mimi sina ugomvi na kuogelea," alisema Badru. "Lakini hapa unafuga mbu. Nitarudi Jumatano. Nikiona chini ya maji, sina neno. Nisipoona, yamwagwe."

"Na yakimwagwa hayarudi," alidakia Mzee Gharibu. "Visima vyote vimekwenda chini. Mahali hapa patafaa kufyatulia matofali."

"Umeshapapima, shemeji?"

"Nimepakadiria tu."

"Basi endelea kukadiria," alisema Bi Mwamini.

Alijua vizuri kwamba hayatarudi. Beseni lile lilijazwa wakati wa masika kwa ndoo za lita ishirini, na aliyehesabu ni yeye mwenyewe, kila ndoo kijiti kimoja. Vijiti vilifika mia sita. Mwezi huu kisima cha mtaa kilikuwa kinatoa ndoo moja kwa kusubiri, na watu walikuwa wanapanga foleni tangu alfajiri.

Kesho yake asubuhi akakata kipande cha bomba la zamani, urefu wa shubiri, akakifunga kwenye pindo la kanga, akachukua na ndoo yake moja, akaenda kwa Ridhiwani, muuza pampu wa pale mjini. Johari alimfuata. Mzee Gharibu naye, bila kualikwa, aliwakuta dukani.

Ridhiwani alikuwa mtu mchangamfu, na pampu zake alizipanga nje ya duka kwa ukubwa, kama watoto wanaopigwa picha. Wateja wake walikuwa wakulima wa mpunga wa Chumbi na wa bondeni kote, na kila mkulima akifika huuliza swali lile lile. Mzee Gharibu ndiye aliyeliuliza.

"Inarusha mpaka wapi?"

"Mzee wangu, tazama mwenyewe!"

Akautumbukiza mdomo wa bomba ndani ya pipa, akawasha pampu kubwa kuliko zote. Ilinguruma mpaka vioo vya duka vikatetemeka. Maji yakaruka juu ya barabara, yakapiga ukuta wa upande wa pili, yakamrudia mbuzi aliyekuwa anatafuna boksi kivulini. Mbuzi akakimbia na boksi lake. Watu wakapiga makofi.

"Hiyo ndiyo pampu!" alisema Mzee Gharibu. "Hiyo ikilala kwenye beseni, saa moja tu maji yote yamepita."

Bi Mwamini alingoja makofi yaishe. Yeye alikuwa mtu wa kungoja. Alilea watoto saba na hakumkatiza hata mmoja akiwa anasema uongo, aliwaacha wafike mwisho.

"Umemaliza, mwanangu?" alimwuliza Ridhiwani. "Sasa nijazie ndoo yangu."

"Ndoo?"

"Hii hapa."

Ridhiwani akaielekeza pampu kubwa kwenye ndoo. Kabla Bi Mwamini hajahesabu tano, ndoo ilikuwa imejaa, imefurika, na imeanguka.

"Inakula wati ngapi?"

"Mama, wati za nini tena? Nguvu umeiona."

"Kibao kiko ubavuni hapo. Nina darasa la saba, nasoma. Elfu moja na mia tano." Akainuka, akasogea kwa ya pili, iliyofanana na ile iliyokufa. "Hii mia saba na hamsini. Ndugu wa marehemu." Halafu akanyoosha kidole juu kwenye rafu ya ndani. "Na ile?"

Ile ilikuwa ndogo, imekaa na vumbi lake nyuma ya makopo ya rangi. Ridhiwani akacheka. Mtu mmoja aliiagiza kwa ajili ya bwawa lake la samaki wa mapambo, hakurudi kuichukua.

"Ile ya samaki, mama. Haina nguvu ya kurusha hata mate."

"Ishushe."

Akaishusha, akaipuliza vumbi, akaiunga. Watu waliokuwa wanaondoka wakarudi, maana walijua pana kichekesho. Pampu ndogo haikunguruma. Ilihema tu, na maji yakatoka kwa utulivu kama yanayomiminwa na mtu mwenye adabu. Bi Mwamini aliishika simu yake mbele ya macho, akatazama sekunde. Ndoo ilijaa kwenye sekunde ya ishirini.

"Ndoo tatu kwa dakika," alisema, kama anayejisemea. "Mia na themanini kwa saa. Zangu ni mia sita. Saa tatu na dakika ishirini, maji yote yamepita kwenye chujio. Kibao chake je? Wati mia na hamsini." Akamgeukia Johari. "Ile kubwa ikinguruma saa mbili na nusu imeshakula uniti nyingi kuliko hii ikifanya kazi kutwa kucha. Na kutwa kucha, hii imezungusha maji mara saba."

"Shemeji, usituaibishe," alisema Mzee Gharibu. "Chumbi nzima wanatumia hii kubwa. Wewe nani?"

"Mimi mwenye ndoo mia sita."

"Ya samaki hiyo!"

"Basi samaki wana akili."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Bi Mwamini. Mzee Gharibu akavua kofia, akaivaa tena.

"Sikiliza, shemeji," alisema Bi Mwamini, na sauti hakuipandisha. "Chumbi wanayatoa maji mtoni, wanayapandisha kingo, wanayasukuma mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Pale nguvu inahitajika, sibishi. Kwangu maji hayapandi popote. Beseni limesimama juu, pampu iko chini, maji yanaishukia yenyewe. Yanatoka hapa yanarudi hapo hapo. Yarushwe yaende wapi? Na chujio ni kama kifumbu cha nazi. Ukikamua tui kwa pupa, machicha yanapita yote, unakula wali wenye makapi. Hilo kila mwanamke hapa analijua, ila ninyi huwa mnangoja sahani."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kile kipande cha bomba, akakijaribisha kwenye mdomo wa pampu ndogo. Kiliingia sawasawa. Walipatana na Ridhiwani palepale, naye akamfungia kwenye boksi huku anatikisa kichwa.

"Mama, ikishindwa usiseme nilikuuzia mimi. Sema uliichukua kwa nguvu."

"Nitasema hivyo hivyo."

Ijumaa hiyo kabla ya magharibi ilikuwa imeshafungwa. Bi Mwamini aliiweka nje ya ua wa makuti, juu ya matofali mawili, mbali na maji, fundi wa umeme akaiwekea waya wa ardhini. Utaratibu ulikuwa ule ule wa siku zote: mtu haingii majini mpaka waya uchomolewe. Usiku aliyatia maji klorini, kwa sababu mchana jua huila bure. Asubuhi na jioni alilifungua chujio, akaliosha mkunjo kwa mkunjo kama anayeosha nguo ya kichanga, na Johari akasugua kuta za turubai kwa ufagio laini uliofungwa kwenye mti mrefu. Mzee Gharibu alipita mara tatu kutega sikio.

"Mbona kimya? Imekufa?"

"Iguse."

Aliigusa, akaondoka.

Jumamosi viluwiluwi vilikuwa vimekwisha. Jumapili asubuhi ule ukijani ulikuwa umevunjika, maji yakawa ya kijivu, kama maji ya kuoshea mchele. Johari alizamisha mkono, akaviona vidole vyake mpaka kwenye kifundo.

"Mama mkubwa, bado sana," alisema. "Siku zimebaki tatu."

"Mara saba kwa siku, siku tatu. Piga hesabu, acha kupiga moyo."

Siku hiyo Chumbi kulikuwa na hitima ya jamaa, nao wote wawili wakaenda. Waliporudi alasiri, kabla hata ya kufungua mlango wa uani, Bi Mwamini alisikia ngurumo anayoijua, kisha kishindo, kisha ukimya. Alipoingia alikanyaga tope.

Pampu kubwa ya Ridhiwani ilikuwa imekaa juu ya matofali yake. Ile ndogo imewekwa kando, imefunikwa gunia. Bomba lilikuwa limechomoka kwenye chujio, limelala uani kama nyoka aliyepigwa, na uchafu wote uliokusanywa tangu asubuhi ulikuwa umetapikwa, nusu kwenye maji na nusu juu ya Mzee Gharibu. Kofia yake nyeupe ilikuwa rangi ya mlenda. Ridhiwani alikuwa ameshika waya alioukwanyua ukutani. Chujio, alipolitoa, lilikuwa limebonyea kama kopo lililokanyagwa na gari.

"Nilitaka kukusaidia," alisema Mzee Gharibu.

Bi Mwamini alikwenda kwenye beseni, akapima kwa mkono alama ya maji ya asubuhi na alama ya sasa. Vidole vinne. Akapiga hesabu yake.

"Ndoo arobaini na kitu," alisema. "Shemeji, umenimwagia ndoo arobaini."

"Mpira wa bomba ulikuwa dhaifu. Ungekuwa mpira wa maana..."

"Mpira huo umekaa tangu masika haujatoka. Umetoka leo, uliposhika wewe." Aligeuka. "Ridhiwani, mwanangu, wewe nilikujazisha ndoo mbele ya macho yako. Yeye alikwambia nini?"

Ridhiwani alitazama tope. "Alisema umekubali, mama. Kwamba umeona aibu kuja mwenyewe."

"Aibu?" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda kidogo, na Johari akashika pindo la kanga yake. "Mimi nione aibu kwa kitu gani nilichohesabu? Kesho asubuhi nataka chujio jipya, na utalileta kwa miguu yako. Na hilo pampu lako lipeleke likamwagilie mpunga, ndiko linakoheshimiwa. Shemeji, kisima unakijua. Ndoo ziko jikoni."

"Mimi? Nipange foleni na wanawake?"

"Basi nenda. Lakini hapa usiguse kitu tena. Kiwanja ni cha ndugu yako, sikatai. Maji ni yangu."

Mzee Gharibu alikwenda, na ndoo hakubeba. Waliobeba ni wanawake wa alasiri, saba wao, waliofika kuyatazama maji wakakuta tope. Hawakuulizana. Walipanga foleni kisimani mpaka kiza kinaingia na asubuhi wakapanga tena, kila mmoja akipeleka ndoo moja nyumbani na moja kwenye beseni. Bi Mwamini aliwaambia nusu yatosha, wakasema wao wamehesabu arobaini. Ridhiwani alikuja Jumatatu na chujio kwapani kabla hajafungua duka, akalifunga mwenyewe, akakaa kwa kuchuchumaa kuitazama ile pampu ndogo ikihema.

"Nimeweka mkono kwenye bomba la kurudishia," alisema. "Maji yanakuja tu. Hayana haraka."

"Yaende wapi?"

Jumatatu nzima maji yalibaki kijivu. Jumatatu usiku klorini, Jumanne chujio likaoshwa mara nne. Jumanne jioni Johari aliona mpaka kwenye kiwiko. Alirudi barazani, akakaa, akaanza kukunja nguo zake za safari kwenye mfuko, na Bi Mwamini akaona anakunja gauni moja mara tatu.

"Nikienda bila kujua, nitakwenda hivyohivyo," alisema Johari. "Shamba haliningoji."

"Najua."

"Mama pia alikwenda hivyohivyo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana hujafunga mfuko."

Jumatano Badru alifika saa kumi kasoro, na Mzee Gharibu nyuma yake, kofia imefuliwa. Wanawake wa alasiri walikuwa wameshajaa uani, wamejifunga kanga, wakawapisha. Badru alipanda juu ya kigoda, akainama ukingoni. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mtoto mmoja alianza kulia na kunyamazishwa.

"Naona mshono wa turubai," alisema mwishowe. "Naona na kibanio cha nywele. Mama, mimi sina neno."

Mzee Gharibu akakohoa. "Hata kama ni safi, bwana afya, swali si usafi peke yake. Hivi ni kitu cha heshima hiki? Wanawake wazima kurukaruka majini?"

Bi Mwamini alivua viatu vyake, akavipanga pembeni, kimoja kando ya kingine.

"Shemeji, Sihaba alikufa na heshima yake kamili. Walipomtoa, nguo zote zilikuwa mwilini, hata ushungi haukufunguka. Wewe ulikuwepo siku hiyo. Heshima hiyo ilimsaidia nini?" Alikwenda nje ya ua, akachomoa waya wa pampu, akarudi. "Haya, bwana afya, ahsante. Shemeji, tokeni. Wanawake wanaingia majini."

Badru alishuka kwenye kigoda akatoka. Mzee Gharibu alisimama kidogo, akawatazama wanawake, nao wakamtazama, hakuna aliyeinamisha macho. Akatoka.

Johari aliingia na dera na kanga yake, jinsi mtu anavyokuwa siku anayovuka. Alishika ukingo. Chini aliiona miguu yake, myeupe kidogo kwa maji, vidole vyote kumi.

"Achia," alisema Bi Mwamini.

Akaachia. Dera likavimba, mikono ikapiga maji ovyo, kichwa kikazama, kikatoka, kikazama tena. Wanawake walishika midomo. Halafu miguu ikakumbuka ilichofundishwa, kifua kikapanda, na Johari akaenda, vibaya, kwa makelele, akimeza maji, mpaka mkono wake ukagonga chuma cha upande wa pili. Vigelegele vikapasua ua.

"Amefika?" iliuliza sauti ya Mzee Gharibu nyuma ya makuti.

Johari alikuwa anakohoa, anacheka, anafuta kamasi, anataka kutoka.

"Unakwenda wapi?" alisema Bi Mwamini.

"Nimefika, mama mkubwa!"

"Umefika hatua tano. Mkono wa mto pale Mbuchi ni hatua mia. Mwisho wa mwezi maji yanajaa, yanazidi hapo. Geuka."

"Nimechoka."

"Mtoni utachoka vilevile. Geuka."

Johari akamtazama mama yake mkubwa, akavuta pumzi, akageuka, akaachia.